Mji wenu unaomba hela ya jimbo kupanga makazi: tuchague mpango kwanza au sheria kwanza?

Ndugu zangu mnaokaa huku kusini mwa King County, kaunti ya Seattle jimbo la Washington, yaani Kent, Tukwila, SeaTac, Renton, Federal Way na kwingineko, na nyie wa California pia maana nitawafikia, naandika hii kwa sababu kila mji ukitangaza unaomba ruzuku ya jimbo ya makazi watu wetu wanaanza kupigiana simu wakiulizana fomu zinachukuliwa wapi, wakidhani nyumba za bei nafuu zinakuja. Jamani, hii ni hela ya kupanga. Haichimbi msingi wala haimwagi zege. Inalipa mtu wa kuchora ramani, inalipa konsaltanti wa kuhesabu nani anakaa wapi na analipa kodi ya nyumba kiasi gani, inalipa mikutano na wakalimani, na mwishoni inatoa ama kitabu ama sheria mpya. Hapo kwenye hilo "ama" ndo penye shughuli yote, kwa sababu mji unapoomba unachagua, na kabla ya kuchagua baraza la mji linatakiwa liwasikilize wananchi, na sisi mara nyingi ukumbini hatupo.

Hela yenyewe ilianzaje. Mwaka 2019 bunge la jimbo la Washington lilipitisha sheria inaitwa HB 1923, zikatengwa dola milioni 5, na mji ungeweza kupata hadi dola 100,000 kupitia idara ya jimbo inayoitwa Commerce. Laki moja ya dola ukiisikia kwa mbali unaona nyingi ila kwa bei za huku haimalizi hata kinyumba kimoja kidogo. Awamu ile imeshapita, lakini muundo wake ndo umekuja kurithiwa na ruzuku zilizofuata, ndo maana nauelezea. Mji ulikuwa na milango miwili. Mlango wa kwanza ni kuandika mpango kazi wa makazi, kwenye makaratasi yao utakuta herufi HAP. Mlango wa pili ni kubadili sheria za ujenzi moja kwa moja, unachagua mambo angalau mawili kwenye orodha ya jimbo unayapitisha. Hela zinatoka mfuko uleule, kinachobaki mkononi mwa mwananchi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mlango wa mpango

Uzuri wa mpango ni kwamba unalazimisha mji uhesabu watu wake. Sheria ilisema lazima uoneshe mahitaji ya nyumba ya sasa na ya baadae kwa kila kipato, mpaka wale wenye kipato cha chini kabisa, na uoneshe ni kaya ngapi zimeelemewa na gharama, yaani wale ambao zaidi ya asilimia 30 ya kipato inaishia kwenye nyumba. Alafu kuna kipengele ambacho mi kwangu ndo roho ya jambo: mikakati ya kupunguza watu kufurushwa pale eneo linapojengwa upya. Na lazima washirikishe wananchi, na lazima waweke ratiba ya utekelezaji.

Kuna faida nyingine haisemwi sana. Miji sita ya huku kwetu, Auburn, Burien, Federal Way, Kent, Renton na Tukwila, iliunganisha sehemu ya hela zao wakafanya uchambuzi wa pamoja wa kusini yote ya kaunti, na hilo lina akili sana kwa sababu mpangaji hajui mpaka wa mji, mtu anafanya kazi uwanja wa ndege SeaTac, analala Kent, watoto wanasoma Renton. Ukihesabu mji mmojammoja huyo mtu unamkosa kote.

Sasa ubaya wake. Mpango ni kitabu. Baraza linaupitisha, meya anapiga picha, na kesho yake kiwanja kilichokuwa kinaruhusu nyumba ya familia moja bado kinaruhusu nyumba ya familia moja.

Niwape nililoliona kwa macho. Niliwahi kuombwa kwenda kukalimani kwenye mkutano wa maoni wa mji mmoja, siutaji jina, walikuwa wametandaza ramani kubwa kwenye meza ya maktaba na kila anayeingia anapewa vibandiko vya rangi abandike pale anapotaka nyumba zijengwe. Akaja mama mmoja wa Uvira, kashika vibandiko vyake vitano kiganjani, anaizunguka meza, habandiki. Nikamwambia, "Mama, hivi ni vya kuonesha wapi unataka nyumba." Akanijibu, "Mwanangu, wapi si shida. Mimi niko na batoto batano na mama yangu. Banatupa nyumba ya vyumba mbili, tunalala namna gani? Hiyo nabandika wapi?" Nikamtafsiria kijana wa mipango miji aliyekuwa pale, akanyamaza kidogo, akachukua kalamu nene akaandika pembeni ya ramani "vyumba vinne", mama akabandika vyote vitano palepale. Mpaka tunafunga ukumbi pale pembeni palikuwa na vibandiko vingi kuliko katikati ya mji.

Hicho ndo mpango unaweza kukifanya na sheria peke yake haiwezi: kusikia kitu ambacho hakikuwepo kwenye ramani. Rasimu ilipotoka ilikuwa na mstari kuhusu nyumba za familia kubwa, nikafurahi kweli, mpaka nilipomuuliza mtu anayeelewa mambo haya kama mjenzi atalazimika kuufuata akaniambia hapana, baraza "litaangalia uwezekano".

Mlango wa sheria

Huku ndo kinyume chake. Mji unachagua vitu kwenye orodha na kitu chenyewe kinakuwa ruhusa ya kweli, mtu anaweza kwenda kuomba kibali. Orodha ya 2019 ilikuwa na vitu vya maana sana. Kimoja, ruhusu eneo lisilopungua eka 500 kuzunguka kituo cha treni lijengwe kwa wastani wa nyumba 50 kwa eka, na usidai zaidi ya nafasi moja ya kuegesha gari kwa kila vyumba viwili vya kulala. Hilo la maegesho watu wanalidharau ila kila nafasi ya gari inakula ardhi na inakula zege na anayekuja kuilipa ni mpangaji, hata asiye na gari. Kingine, ruhusu nyumba ya familia mbili kwenye kila kiwanja cha kona. Kingine, ruhusu nyumba ya uani kwenye viwanja vyenye nyumba za familia moja, bila kulazimisha mwenye kiwanja akae hapohapo na bila kudai maegesho mapya.

Sisi nyumba ya uani hatuhitaji kuelezwa. Kwetu Dar nyumba ya mbele anakaa mwenye nyumba, uani vyumba vitatu vinapangishwa, na bibi akija kutoka kijijini anapewa cha mwisho karibu na bomba. Watu wameishi hivyo na wamesomesha watoto kwa kodi ya vyumba vya uani. Huku kitu hichohicho kilikuwa marufuku kwenye mitaa mingi kwa miaka na miaka.

Alafu mlango huu ulikuwa na kinga. Mji uliopitisha mabadiliko hayo ndani ya muda uliowekwa na sheria ulilindwa, kwa sehemu kubwa ya orodha, usikatiwe rufaa kwa sheria ya mazingira wala sheria ya kusimamia ukuaji wa miji. Kama unadhani hilo ni dogo angalia Seattle. Walitaka kuongeza ukubwa wa majengo kwenye mitaa 27 huku wajenzi wakilazimishwa kuchangia nyumba za bei nafuu, tathmini ya mazingira ikakamilika Novemba 2017, rufaa ikakatwa palepale, uamuzi ukatoka Novemba 2018, na baraza likaja kupiga kura Machi 2019, kura 9 kwa 0. Mwaka mzima umekwenda kwenye rufaa ya jambo ambalo mwisho hakuna diwani hata mmoja aliyelipinga, na mwaka huo majengo yaliyoomba vibali kwa sheria ya zamani hayakuchangia kwa kiwango kipya. Kwa hiyo kinga ina thamani, pengine kuliko hiyo laki yenyewe.

Ubaya wa mlango huu nao nausema bila kupepesa. Ukiruhusu nyumba 50 kwa eka kuzunguka kituo, ardhi inapanda bei usiku mmoja, na kuzunguka vituo vya kusini hii nani yupo? Nenda Tukwila International Boulevard, pale kituo kilifunguliwa 2009, utakuta maduka ya Wasomali, nyama ya halali, saluni, watu wa kutuma hela, na apatimenti za zamani za ghorofa mbili ambazo kodi yake ndo angalau mtu wa kipato cha chini anaiweza. Hizo apatimenti ndo za kwanza kuvunjwa. Sheria ya Washington inamruhusu mwenye nyumba anayetaka kubomoa kumpa mpangaji notisi ya siku 120, basi. Na hii sheria mpya ya 2025, HB 1217, iliyoweka kikomo cha kupandisha kodi, asilimia 7 kujumlisha mfumuko wa bei au asilimia 10, kipi kidogo, nimeifurahia sana kama kila mpangaji ila inazuia kodi kupanda, haizuii nyumba kubomolewa. Orodha ya mlango wa sheria haikumlazimisha mji kuandika mkakati wowote wa kuzuia watu kufurushwa. Huo ulikuwa upande wa mpango tu. Ndo maana nakataa watu wanaosema mpango ni kupoteza muda.

Tuziweke pamoja sasa

Kwa kasi, sheria inashinda, hakuna ubishi. Kwa nguvu, sheria, kwa sababu mjenzi na afisa vibali wote wanabanwa nayo. Kwa kujua mahitaji halisi ya watu, mpango unashinda mbali sana. Kwa ulinzi wa mpangaji, mpango, lakini ulinzi wa kwenye karatasi mpaka baraza liutungie sheria. Kwa mtu mwenye kiwanja chake anayetaka kumjengea mama yake uani, sheria. Kwa mji mdogo wenye maafisa mipango wawili tu, hapa nasita kidogo, maana mpango unaweza kufanywa na konsaltanti ila ukishaondoka konsaltanti hakuna wa kuutekeleza, kwa hiyo ningesema sheria mbili nyepesi, kona na uani, zinawafaa kuliko kitabu cha kurasa mia.

Kuna mlango wa tatu uliokuja 2022 na huu ndo ninaoupenda kuliko yote. Jimbo lilitoa ruzuku kwa miji ya ukanda wa Puget Sound, yaani Seattle na majirani zake, ifanye kazi ya kuruhusu nyumba za kati, yaani zile kati ya nyumba ya familia moja na jengo kubwa la ghorofa, angalau kwenye asilimia 30 ya viwanja vya familia moja, na humo humo mji ulitakiwa uangalie sera zake zimewaumiza vipi watu wa rangi na wahamiaji, na mji ungeweza kupata fedha za kuwalipa vikundi vya jamii kufanya kazi ya kukusanya maoni. Kuwalipa! Sio kuwaita waje bure jioni wakiwa wametoka shifti. Jumuiya zetu, makanisa, misikiti, vyama vya akina mama, hivi ndo vinajua familia gani inalala watu wanane vyumba viwili, na kikundi kinacholipwa kinaweza kwenda nyumba kwa nyumba na kuongea Kiswahili cha watu wenyewe, cha Goma au cha Mombasa. Mkisikia mji wenu unaomba ruzuku yoyote ya kupanga, ulizeni hili la kulipa vikundi hata kama jimbo safari hii halikulitaja.

Kilichobadilika tangu 2023

Hapa watu wengi wanapitwa. Mwaka 2023 ilipitishwa HB 1110, na vitu vingi vilivyokuwa hiari kwenye orodha ya 2019 sasa ni lazima. Mji wa watu 75,000 na kuendelea, kama Kent na Renton, lazima uruhusu angalau nyumba nne kwenye kila kiwanja cha makazi, na sita kama ni karibu na kituo kikubwa cha usafiri au kama mbili kati yake ni za bei nafuu. Mji wa kati ya 25,000 na 75,000, kama SeaTac, mbili, na nne karibu na kituo. Miji midogo inayopakana na Seattle kama Tukwila nayo inaruhusu mbili. HB 1337 ya mwaka huohuo ikaongeza nyumba za uani mbili kwa kiwanja. Na HB 1220 ya 2021 ilishailazimisha miji kupanga nyumba kwa kila kipato na kuchunguza ubaguzi na kufurushwa kwa watu. Commerce yenyewe inasema jimbo linahitaji zaidi ya nyumba milioni moja katika miaka 20.

Kwa hiyo leo mji ukija kuwaambia unaomba hela "kuchunguza kama nyumba za familia mbili zinafaa", waulizeni kwa heshima kabisa, hilo si tayari ni sheria? Hela iende kwenye kile ambacho sheria haijakifanya: mkakati wa kuzuia watu kufurushwa wenye meno, michoro ya uani iliyokwisha kuidhinishwa ili mtu asilipe arkitekti upya, vyumba vitatu na vinne, na eneo la kituo. Baada ya mipango ya 2021 jimbo lilianza kutoa ruzuku za kutekeleza mpango uliokwisha kuandikwa, na mji ambao kitabu chake kipo kabatini hauna sababu ya kuandika kingine.

Nyie wa California

Kwenu mfumo ni mwingine na hela ni nyingi zaidi. Sheria ya SB 2 ya 2017 iliweka ada ya dola 75 kwenye kusajili nyaraka za ardhi, isizidi 225 kwa muamala mmoja, na nusu ya makusanyo ya mwaka wa kwanza ikaenda kwenye ruzuku za kupanga bila mashindano, ukitimiza masharti unapewa: mji wa chini ya watu 60,000 hadi dola 160,000, wa kati 310,000, mkubwa wa zaidi ya 200,000 hadi 625,000. Alafu 2019 ikaja ruzuku nyingine ya kupanga inaitwa LEAP, ambayo mji wa watu 20,000 mpaka 60,000 ungepata hadi 150,000 na majiji makubwa kabisa hadi milioni 1.5. Piga hesabu, mji wa watu elfu hamsini California ungeweza kuchukua 310,000 kwa mifuko yote miwili wakati ndugu yake wa Washington anapewa 100,000.

Lakini California hela inafuatana na fimbo. Kila mji unapewa idadi ya nyumba za kupangia, Bay Area yote peke yake, yaani San Francisco na miji inayoizunguka, ilipewa 441,176 kwa 2023 mpaka 2031, na mji usiokuwa na mpango uliokubaliwa na jimbo unaweza kujikuta mjenzi analeta jengo lenye nyumba za bei nafuu na mji hauwezi kulikataa kwa kisingizio cha ramani zake. SB 2 pia ilidai mji uwe na mpango uliokubalika kabla ya kupewa hata senti. Mi naona hilo ni jema. Washington ilianza na asali 2019 ndo ikaleta fimbo 2023, na hiyo miaka minne katikati ni miaka ambayo watu wetu walihamia Auburn, wakahamia Tacoma, wengine wakahama jimbo kabisa.

Ningechagua nini

Wewe mpangaji na mji wenu haujawahi kuandika mpango: kubali mpango, lakini dai tarehe ndani yake. Mji umeshaandika: kataa mwingine, dai sheria, na dai kipengele cha kufurushwa kiingie kwenye kura hiyohiyo wala sio "baadae". Mwenye kiwanja: sheria, na michoro ya uani. Kikundi cha jamii: mlango wa tatu, na andikeni barua mapema kabla ombi halijatumwa maana likishatumwa bajeti imeshafungwa.

Na tafuteni ukurasa mmoja kwenye ombi, ule unaoorodhesha kazi na tarehe za kukabidhi. Msisome utangulizi, utangulizi wote ni mtamu. Angalieni vitenzi. Ukikuta "kuchunguza", "kuangalia", "kujadili" mpaka mwisho, hapo mnapata kitabu. Ukikuta "kupelekwa barazani kupigiwa kura" na tarehe mbele yake, hapo kuna kitu. Nakala mnaweza kuiomba kwa karani wa mji, ni haki yenu, na mkalimani pia muombeni siku kadhaa kabla, msisubiri siku yenyewe.

Yule mama wa Uvira alirudi siku ya kikao cha baraza. Alikaa kiti cha mbele na watoto wawili, mdogo kalala mapajani, jina lake lilikuwa la nne kwenye orodha ya wasemaji. Alipewa dakika tatu kama kila mtu, mi nikasimama pembeni yake kutafsiri. Alisema wako wangapi, alisema vyumba vinne, alitaja mwezi ambao mkataba wake wa nyumba unaisha, akashukuru, akarudi kukaa.